Mashimo Kumi na Sita ya Nyanjige

Salu wa Dutwa alikuwa fundi wa kuanza. Mikono alijaliwa, uvumilivu akanyimwa. Kigoda chake kilikuwa na miguu miwili, zeze lake halikuwa na uzi. Kila jioni mkewe, Nyanjige, alimuuliza, "Imefikia wapi, baba Milembe?" Naye Salu, bila aibu, "Kesho inaisha." Mama huyo alicheka hadi akashika mbavu.

Kiporo kilichomuuma kilikuwa bao. Walizoea kucheza wawili kwenye vishimo vya ardhini pale uani. Nyanjige alimfunga mara nyingi, na siku akifungwa yeye, alimwita mumewe mwizi kwa sauti ya kufukuza fisi. Salu akaamua kumchongea bao la mti. Mashimo kumi na sita ya upande wake yakaisha. Ya upande wa mkewe alifika la tisa, ugonjwa ukaingia, na Nyanjige akazikwa nyuma ya zizi. Tangu hapo kila akishika patasi aliirudisha chini.

Mwaka sabini na nne serikali ikawahamishia watu wote wa kwao kijiji kipya kando ya barabara. Kila kaya ilipewa safari moja ya mkokoteni. Wenzake waling'oa milango ya nyumba zao wakaenda nayo. Salu akapakia viporo vyake. Masika yote alilala nyuma ya gunia lililoning'inia mlangoni, na watu wakamcheka. Haki yao.

Nyumba zilipangwa mstari, ukikohoa jirani anakupa pole. Hata hivyo hakuna aliyemuuliza imefikia wapi, na upweke ulimkaba kuliko kule porini.

Jumapili moja asubuhi Generoza, mama wa nyumba ya pili, alikuja kuomba moto.

"Mwangaluka, baba. Hilo gogo si nipasue kuni? Naona halina kazi."

"Acha!" Salu alifoka mpaka mwenyewe akashtuka. "Linaisha leo."

Mama wa watu akaondoka na kaa lake la moto. Salu akashika patasi, akachonga huku machozi yakimtoka, na alasiri yale mashimo saba yakatimia.

Akapanga kete pande zote. Akacheza kwake, akazunguka, akakaa upande wa pili akamchezea mkewe kwa haki, bila kumpunja hata kete moja.

Salu akashinda. Akainua uso, akangoja kuitwa mwizi.