Kwa Wiki Saba Nilikuwa Mtoto wa Darasa la Tatu

Nina miaka sitini na moja, ni mjane, na niliwahi kuwa mtoto wa miaka tisa kwa wiki saba mfululizo.

Usicheke kwanza.

Sikurogwa wala sikuota. Nilikuwa na akili zangu timamu na ufagio mkononi. Na kila nikikumbuka, kinyaa kinanipanda kutoka tumboni mpaka kooni.

Ngoja nikueleze, kisha uamue mwenyewe nani alikuwa mchafu zaidi.

Nilikuwa mama wa usafi katika shule ya msingi. Madarasa tisa, ofisi mbili, vyoo vya watoto na stoo ya mafagio. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Binti yangu anafanya kazi mbali, akaniachia mtoto wake wa kike nimlee.

Huyo mjukuu alisoma hapo hapo kwa sababu moja tu: bibi yake anadeki hapo. Ilikuwa hisani ya mwalimu mkuu. Siku nikiondoka mimi, naye anaondoka.

Liweke hilo akilini. Ndilo lililonifunga mdomo.

Mjukuu alikuwa darasa la tatu. Mwalimu wao alikuwa binti mdogo, msafi, kitambaa chake hakina hata mkunjo. Watoto walimwita Mwalimu Tabasamu, kisirisiri. Si kwamba alikuwa na tabasamu, la. Ndilo neno lililomtoka kuliko yote. Simu juu, "tabasamu", picha, basi, kila mtu arudi kwenye dawati.

Alikuwa na blogu ya darasa. Kwa asiyejua, ni ukurasa wa mtandaoni ambapo mwalimu anaandika darasa lake limefanya nini, na walimu wa shule nyingine wanasoma, wanauliza, wanachukua mawazo. Watoto nao wanaandikiana na watoto wa mbali.

Kusema kweli, jambo lenyewe ni zuri mno. Mwalimu aliye peke yake na watoto hamsini anapata mwenzake wa kumuuliza. Ubaya ulikuwa kwa mpishi, si kwa chungu.

Siku moja Tabasamu alinifuata stoo. Akaniomba nimpandie maharagwe kwenye vikombe vya plastiki, vikombe kumi, nyumbani kwangu. Nikauliza kwa nini watoto wasipande wenyewe. Akasema watamwaga udongo, sakafu itachafuka, na mimi mwenyewe ndiye nitakayeumia mgongo kudeki. Alivyolisema, ungedhani ananionea huruma.

Nikapanda. Nikavipanga dirishani jikoni kwangu. Vikaota vizuri, nikavibeba kwenye beseni hadi shuleni.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo.

Aliviweka kwenye dirisha la darasa. Akachagua watoto sita waliotakata. Mwenye kamasi akarudishwa nyuma. Mjukuu wangu, sweta lake lina kiraka kiwikoni, akaambiwa ashike mlango usijifunge. Wale sita wakainamia vikombe kama wanaviombea dua.

"Tabasamu."

Picha ikapigwa. Hawakuvigusa.

Jioni napiga ufagio, nikavikuta kwenye pipa la taka. Vyote kumi, bado vina uhai, majani yamebanwa na maganda na makaratasi yenye makamasi. Nimesafisha vyoo miaka kumi na minne, sikuwahi kutapika. Siku ile nilishika ukuta.

Nilivichomoa kimoja kimoja, nikarudi navyo nyumbani.

Kumbe kule mtandaoni mambo yanawaka. Kichwa cha habari: "Watoto wangu wanakuza uhai." Walimu wa huku na huku wanasifu. Wanauliza vikombe vinatobolewa wapi, maji kiasi gani. Wengine wakasema wataanza kesho yake na madarasa yao.

Huku kwetu, watoto walinakili ubaoni: "Maharagwe ni mmea." Wakafunga madaftari.

Kisha likaja swali kutoka shule ya mbali sana. Mwalimu wa kule alisema wanafunzi wake waliikodolea macho ile picha kipindi kizima, na wana swali moja. Mbona miche yenu imeinamia ndani ya darasa, wakati mwanga uko dirishani? Inaukimbia mwanga?

Tabasamu hakujua la kujibu. Akanikuta koridoni na ndoo, akanionyesha simu.

Nikamwambia mmea hufuata mwanga, hilo hata kipofu wa kijijini anajua. Hii imekulia jikoni kwangu, ikainamia dirisha langu. Wewe umeigeuza.

Akanitazama juu hadi chini. Nikaona wazo linamwingia.

"Mama, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Shule ya msingi."

"Safi sana. Basi utaandika kama mtoto bila shida."

Alisema hivyo hivyo, bila kupepesa. Nikameza mate machungu.

Watoto mtandaoni hawatumii majina yao, wanatumia ya kupanga, kwa usalama wao. Mimi akanibatiza Nyuki. Akanipa simu yake ya zamani na neno la siri, akaniambia kila swali la mimea ni langu. Nilipositasita akauliza, taratibu tu, mjukuu anaendeleaje na masomo. Nikaelewa. Mtu mzima hatishwi kwa kelele.

Ndugu yangu, mimi nasali kabla jua halijatoka. Magoti yangu yana sugu. Na kwa magoti hayo hayo niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa ndani ya stoo, nikaandika: "Tuligeuza vikombe makusudi tuone miche itafanya nini. Nyuki, darasa la tatu."

Uongo wangu wa kwanza. Ulitoka laini kama siagi.

Sasa sikia kilichotokea. Wale watoto wa mbali waliamini. Wakaenda wakageuza vikombe vyao. Wakapima kwa rula kila asubuhi. Siku ya tatu miche ikawa imejipinda kurudi dirishani, nao wakaniandikia kwa furaha, na michoro wamechora, na vipimo.

Uongo wangu wao waliufanya kweli.

Shule nyingine mbili zikaiga. Mwalimu mmoja akasema watoto wake wa nyuma, wale wasionyoosha mkono, sasa ndio wanaowahi darasani kuangalia vikombe. Mwingine akauliza kuhusu ukungu, nikajibu. Mwingine akauliza kwa nini mche wake ni mrefu lakini mwembamba, nikajibu. Wakawa wanajibizana wenyewe kwa wenyewe, walimu ambao hawajawahi kuonana, kama majirani juu ya ua.

Nikubali dhambi yangu: nilipenda. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa mara ya kwanza mtu aliniuliza kitu na kusubiri jibu langu.

Lakini nikitoka stoo nikapita dirisha la darasa la tatu, naona wetu wamekaa kimya, wananakili. Hakuna aliyewahi kutia kidole kwenye udongo. Walimu nusu ya nchi wanajifunza kutoka darasa ambalo halijifunzi chochote. Nilikuwa nakwenda bombani kunawa mikono, na si kwamba ilikuwa michafu.

Wiki ya saba, yule mwalimu wa mbali akaomba simu ya video. Watoto waonane. Na wanafunzi wake wana ombi moja: wamwone Nyuki.

Tabasamu hakutetereka. Akamchagua Nyuki.

Akamchagua mjukuu wangu.

Sikuambiwa na mtu. Nilijua nyumbani, nikipepeta mchele, nikimsikia chumbani anakariri. "Tuligeuza vikombe makusudi tuone miche itafanya nini." Anakosea, anaanza upya. "Tuligeuza vikombe makusudi..."

Maneno yangu. Yale yale, yanatoka kwenye mdomo wa mtoto niliyemfundisha kusali.

Nikamuita. Nikamuuliza ni nani kampa hayo. Akaniambia Mwalimu kasema akiyasema vizuri atakaa dawati la mbele, na sweta jipya atapewa la kuvaa siku hiyo. Kisha akaniuliza, macho yake meupe kabisa:

"Bibi, huo ni uongo wa dhambi au ni uongo wa shule?"

Mchele ulinimwagikia. Mimi, mtu mzima, niliinama nikaanza kuokota punje.

Siku ikafika. Kompyuta juu ya meza, mwalimu mkuu kakaa pembeni, mimi nimesimama mlangoni na dekio kwa sababu niliambiwa niwe karibu, kitu kikimwagika. Kwenye kioo wakatokea watoto wa mbali, wamebanana, kila mmoja na kikombe chake. Kucha zao nyeusi kwa udongo. Mwalimu wao mwenyewe ana doa la matope shingoni.

Wetu wameng'aa kama sahani za kabatini.

Mjukuu akasimama, sweta jipya, akakariri yote bila kosa. Wakampigia makofi. Tabasamu akashusha pumzi.

Kisha binti mmoja wa kule akasogea karibu na kioo. Yeye hakuwa na swali la kukariri.

"Nyuki, mche wangu wa kwanza ulikufa nikalia. Wako uliwahi kufa?"

Mjukuu akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akatikisa kichwa kidogo, kwamba aseme hapana. Kisha mtoto akageuka akanitazama mimi, mlangoni. Akafumbua mdomo. Niliuona ulimi wake unajiandaa, na nikajua nikimwacha aseme hilo neno moja, mimi ndiye nimelipanda.

Nikaegemeza dekio ukutani.

"Nyuki ni mimi," nikasema. "Huyo mtoto hajawahi kupanda chochote. Hapa hakuna aliyepanda."

Tabasamu akacheka, akasema mama wa usafi ana utani sana. Nikapita katikati ya madawati mpaka mbele ya kompyuta. Harufu ya dawa ya choo ilikuwa mikononi mwangu, nikaona anajivuta pembeni.

Yule binti wa kule akanikodolea macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Kwa hiyo hamkugeuza vikombe?"

"Hatukugeuza. Nilidanganya."

Akafikiri. "Lakini vya kwetu viligeuka."

"Vyenu ni vya kweli. Usiache mtu akuambie vingine. Na ndiyo, mimi miche yangu imekufa mingi."

Mwalimu mkuu akafunga kompyuta kwa kiganja. Akaniambia kwa sauti ya chini nifike ofisini asubuhi kuchukua barua yangu. Mjukuu alisikia. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, hatuongei. Nilishamfutia shule kwa mdomo wangu mwenyewe, na sikujua nimwambie nini mama yake.

Asubuhi nikavaa nguo ya heshima, nikaenda kupokea barua.

Barua haikuwepo.

Mwalimu mkuu alikuwa anatabasamu. Kanivutia kiti, mimi ambaye siku zote nakiinua hicho kiti nikidekia chini yake. Akanigeuzia simu yake.

Blogu. Chapisho jipya. "Jinsi nilivyowafundisha wanafunzi wangu kusema kweli."

Nikasoma polepole. Eti ulikuwa mpango. Eti Mwalimu Tabasamu alishirikiana na mama wa usafi wiki saba, kuwaandalia watoto somo kubwa la uaminifu ambalo hawatalisahau. Na picha: mimi mbele ya kompyuta, mdomo wazi. Wakati mimi natubu, yeye alikuwa anapiga picha.

Sifa zilikuwa hazihesabiki. Walimu wanaandika wametokwa na machozi. Wengine wanauliza wafanyeje somo hilo kwao.

Mwalimu mkuu akasema shule imekuwa mfano, na haiwezekani kumfukuza mtu ambaye kila mtu anamsifu. Mjukuu atabaki. Nirudi kazini.

Koridoni Tabasamu alikuwa ananisubiri.

"Nimekuokoa, mama. Hata asante huna?"

Nilikwenda mpaka kwenye mfereji nyuma ya vyoo, nikatema mate. Nikatema tena. Neno lake halikutoka.

Maana lilikuwa kweli. Uchafu wake ndio uliomweka mjukuu wangu darasani. Nikifungua mdomo kusema mpango haukuwepo, mtoto anaondoka. Toba yangu mwenyewe alishaivaa yeye, imemkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi.

Nilirudi kwake. Nikamrudishia simu ya zamani, nikamwambia neno moja tu. Yule mwalimu wa mbali si mjinga, na watoto wake wana macho. Wiki ijayo watauliza vikombe vya darasa lako viko wapi, na Nyuki wa kuwajibu amefariki.

Akanitazama. Safari hii yeye ndiye aliyemeza mate.

Jumatatu niliingiza magunia mawili ya udongo darasa la tatu. Watoto hamsini wakaingiza mikono. Sakafu iliharibika vibaya sana, na Mwalimu alisimama juu ya kiti, kitambaa puani. Mjukuu wangu alitumia sweta lake la kiraka kufutia meza. Wiki mbili baadaye mtoto huyo aliandika chapisho lake la kwanza mwenyewe, kwamba tumeua miche minne kwa maji mengi. Shule ya mbali wakajibu kwamba wao waliua tisa, na wakaeleza walivyorekebisha.

Nilideki siku nzima. Mgongo uliuma. Sikulalamika.

Nimenyamaza miaka minne. Mjukuu kamaliza darasa la mwisho juzi, nami nimeacha kazi, ndiyo maana naandika. Tabasamu sasa anaalikwa kuwafundisha walimu wengine habari ya uaminifu. Chapisho lile bado lipo, picha yangu bado ipo, mdomo wazi.

Msomaji, nikuachie hili. Ukweli ukishakutoka si mali yako tena. Mwingine ataupaka mafuta, auvae, apigiwe makofi, nawe utabaki na kichefuchefu chako mlangoni. Uuseme hivyo hivyo. Hukuusema ili upigiwe makofi. Uliusema kwa sababu mtoto alikuwa anakutazama.