Malalamiko Matatu Yaliyomtoa Jasho Bi Widad

Mie ni mpishi, si mwandishi, kwa hivyo nikipotea njia mnivumilie. Lakini habari za Bi Widad nazijua kuliko yeye mwenyewe, maana miaka tisa nimepika kwenye masufuria yake.

Bi Widad ni mtoto wa Chake Chake, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mashamba ya mikarafuu zama hizo. Mashamba hayapo tena, ila ule mwendo wa mwenye shamba umebaki. Kazi yake ni shughuli za watu: harusi, hitima, mikutano. Anakodisha maturubai na viti, na pilau tunapika sie. Alianza na viti ishirini vya plastiki, leo ana mia tano na gari la mizigo analoliendesha mwenyewe. Nani kaagiza nini, turubai gani limetoboka, nani na nani hawapatani wasikalishwe karibu, yote yalikuwa kichwani mwake, na ole wako umkumbushe.

Sasa, hoteli moja ya pwani ya Wambaa ikawa inatafuta mtu wa kusimamia shughuli zake zote za mwaka mzima. Kazi nono! Bi Widad akaenda na baibui jipya. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamwambia, "Kazi yako tunaijua, Bi. Lakini tunataka meneja mwenye ithibati, aliyepimwa na chama cha mameneja akaonekana anajua kuongoza kazi na watu. Tutakungoja mpaka mwisho wa Septemba, baada ya hapo tutamtafuta mwengine."

Alirudi jikoni amevimba. "Ati nipimwe! Mie niliyeozesha Pemba nzima!"

Alinuna siku moja tu. Ya pili akajiandikisha, na kila Jumamosi akawa darasani, na miaka yake arobaini na saba, kakaa pamoja na vijana wa benki. Na mambo yakaanza kubadilika, nisiseme uongo. Ratiba ikabandikwa ukutani. Kila turubai likapata nambari yake. Siku moja homa ikamlaza, na harusi ya Kengeja tukaifanya bila ya yeye, tunasoma karatasi yake tu, wala bwana harusi hakujua kama hayupo. Hapo hata mie nikasema, aa, kumbe kusoma kwenyewe huku kuna maana.

Likabaki faili la mwisho, la kumwonesha mpimaji. Na ndani ya faili hilo ukurasa mmoja ukamtoa jasho: aoneshe malalamiko matatu aliyoyapata kazini, yametiwa saini na walalamikaji wenyewe, na kila moja aandike hatua aliyochukua.

Malalamiko! Pemba! Yakhe, aliyeandika fomu ile hajafika kwetu. Huku mtu nyumba yake inaungua, ukimwuliza hali anakujibu alhamdulillahi. Na harusi ndiyo usiguse kabisa. Ukisema wali ulikuwa mbichi, umemsema mwenye shughuli, na bibi harusi, na ukoo mzima. Bi Widad hakuwa na lalamiko hata moja, na miaka yote hiyo alidhani ni kwa sababu hakosei.

Basi tukatoka kwenda kuyatafuta, yeye kwenye usukani na mie pembeni. Kengeja tuliingia nyumba tatu. Tukapewa ndizi, tukapewa chai, tukapewa mashaallah.

"Nambieni hata kidogo basi, nina mtihani!" Bi Widad akawa anabembeleza.

Mzee mmoja akainua mikono akamwombea dua afaulu, kisha akatusindikiza mpaka garini. Lalamiko, hata harufu yake hatukuipata.

Tukavuka kwa mashua mpaka kisiwa cha Kojani kwa Mzee Bakar, ambaye mwaka jana tulimfanyia harusi ya mwanawe. Akazunguka, akazunguka, mwisho akasema, "Viti vilikuwa vizuri mno, Bi Widad. Ila vilivuka bahari havikufunikwa, wazee walipokaa kanzu zikarowa. Lakini si neno, jua lilikuwepo."

Bi Widad nusura ambusu mkono. Aliandika pale pale, na hatua akaiandika: viti vya Kojani vitafunikwa turubai. Mzee Bakar akatia saini huku anaomba samahani kwa kulalamika.

La pili tukalifuata Wambaa kwa Bi Rahila, ambaye naye tulimfanyia harusi ya mwanawe. Huyu hakuzunguka. Aliweka kikombe chini.

"Nilinuia nisiseme mpaka kufa kwangu," alisema. "Lakini umeuliza. Wanawake hawakushiba, Widad. Sahani za uani zilikuja wali mtupu, nyama iliishia barazani kwa wanaume. Mama mkwe wa mwanangu nilimchemshia muhogo. Siku ya harusi ya mwanangu!" Machozi yakamtoka, na fomu akaitia saini huku analia.

Tulipofika barabara kuu Bi Widad akaniuliza.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukunambia?"

Hapo nami zikanipanda. "Nikwambie mara ngapi? Siku ile ile nilikwambia nyama haitafika uani. Ukanijibu mbele ya wasichana wote wa jikoni, 'Weye pika, kuwaza niachie mie.' Na si siku ile tu. Kila nikifungua mdomo, jawabu ndiyo hiyo. Basi nikakuachia. Lakini limeniuma, Bi Widad, tena sana!"

Akasimamisha gari. Nikasema moyoni, leo nitarudi kwa miguu. Kumbe anatoa fomu.

"Sema tena," akasema. "Polepole."

Aliandika kila neno, kisha akanipa kalamu. Niliogopa, sifichi. Mie ni mjane, nina watoto watatu, na kumtilia saini mwenye kazi yangu si mchezo. Nikatia. Na baada ya hapo siku nne hakusema nami.

Mpimaji akaja Septemba imebaki siku mbili. Bwana Hudhaifa, mtu wa Unguja. Alipofungua mdomo tu tukamjua. Akakagua ghala, akasoma ratiba, akawauliza wasichana nani hufanya nini, nao wakamjibu bila ya kumtazama Bi Widad usoni. Akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye ukurasa ule.

"La kwanza sawa. La pili naona mmeamua sahani za uani zitoke kwanza, sawa. La tatu..." Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Hapa hatua haikuandikwa, Bi. Bila ya hatua siwezi kulipitisha faili."

Mie nimesimama mlangoni na sinia la chai. Bi Widad kakaa, shingo imenyooka, macho juu ya meza. Nikajua kwa nini nafasi ile ilibaki wazi. Kilichokuwa kinatakiwa pale alikijua vizuri, ila hakijapata kumtoka mdomoni, wala kumtoka mama yake kabla yake. Nikaiona kazi ya hoteli ya Wambaa inakwenda na maji.

"Andika," akasema. "Nimemwomba radhi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akainuka, akaja mpaka mlangoni, mbele ya mgeni, mbele ya wasichana wote. "Niwie radhi, Nadhira. Neno lile hulisikii tena. Kiasi cha chakula, kuanzia leo, utasema weye."

Nikaliweka sinia chini. Nilimwambia nimeshamuwia radhi, na aibu imenijaa. Bwana Hudhaifa aliandika, akatia saini ukurasa wa mwisho, akampa mkono wa hongera, na Bi Widad akaupokea bila ya kumtazama. Mie nilikuwa bado nalia. Miaka tisa nimempikia, na siku ile ndiyo mara ya kwanza alilitaja jina langu bila ya kuniagiza kitu.