Mikono Ukutani kwa Bibi Mwanasha

Siku niliyoupaka saruji ukuta wa bibi yangu naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa nikiimba.

Wewe mjukuu wangu umeniletea fundi kutoka Ukunda aje apime nyumba hii ya Msambweni, mwasema mtaipiga plasta ya kisasa wageni walale. Basi keti kwanza. Sikusoma mimi, lakini hili nalijua.

Nyumba hii ilijengwa na watu waliotoka utumwani. Mama yake bibi yangu Mwanasha alipitishwa pango la watumwa la Shimoni na mnyororo shingoni, mtoto wa Kiyao. Alipopata uhuru alijenga hapa na wenziwe, na wote wakabandika viganja vyao kwenye chokaa mbichi ya ukumbini. Tangu hapo kila mtoto wa nyumba hii hubandikwa chake siku ya arobaini. Kila mwaka kabla ya mfungo wanawake tulipaka chokaa upya, tukiipisha ile mikono. Kazi ya kuchubua ngozi.

Nami nikaposwa. Akaja dada wa mchumba kunitazama, akazungusha macho ukumbini, akacheka.

"Kumbe ninyi ukoo mwauanika ukutani? Sisi wetu tunaujua kwa majina."

Kijembe kile kilinichoma, maana alikuwa akiniita mjukuu wa watumwa. Bibi alipokwenda matangani Mkwiro, nikatafuta saruji nikaifunika mikono yote ya ukumbini.

Aliporudi aliupapasa ukuta kama kipofu. Hakupiga kelele. Alisema, "Umewazika bila sanda. Mwacha asili ni mtumwa. Hawa walikwisha kutoka, mwanangu. Wewe umerudi."

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuleta mwenyewe. Ukuta wa matumbawe hupumua. Saruji iliuziba pumzi, maji ya chumvi yakakaa ndani yakila. Masika ya tatu ukalala chini. Bibi alikaa kwenye kifusi siku nyingi, akipangusa jiwe moja moja, akiutafuta mkono wa mama yake. Nilikaa naye. Kidole hapa, nusu ya kiganja pale. Alikufa hajaupata. Na ile ndoa yenyewe haikumaliza mwaka.

Umebaki ukuta mmoja wenye mikono, wa chumba cha ndani, nao una saba, ya watoto waliozaliwa baada ya hapo. Wa marehemu mama yako umo.

Basi sikia. Huyo fundi mpe maji anywe, umrudishe kwao kwa adabu. Saruji isiingie humu. Katafute chokaa, uizime kwa maji na subira, upake kwa mkono wako mwenyewe, na kucha zikikuuma ziache ziume. Mtu akikuuliza hawa ni akina nani, usitazame chini. Mwambie ni wazee wako, waliuzwa, wakaishi, wakajenga. Na mwanao akitimiza siku arobaini mlete abandikwe chake, niwe nipo au nimekwisha.

Mola akutie nguvu mikononi, akupe uso usioona haya. Na radhi yangu iwe nawe, maadamu ukuta huu umesimama.