Mtama wa Mbegu Kwenye Taji la Ukutani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Ni siku walipokuja wageni kumposa dada yangu Joselina, nyumbani kwetu Muyinga, nami nilikuwa nimepamba ukuta wa sebule kwa kitu ambacho hakikuwa cha kupambia.

Usinicheke kwamba nakuita mwanangu. Najua hujazaliwa, na baba yako sijamwona, au kama nimemwona basi hajaniambia. Nina miaka kumi na saba. Mbele ya watu mimi ni mtu wa kuangalia chini; hapa shuleni Mushasha, Gitega, mwalimu akinitaja jina darasani, wenzangu wananisogelea ili wasikie nitajibu nini. Lakini ndani ya daftari hili sauti yangu haitetemeki. Tena nimewaza: nasaha ikingoja mpaka mtu azeeke, inakuja ikiwa imeshalainishwa. Hii yangu nakupa sasa, ingali inaniuma kidogo.

Sisi tulirudi Burundi kutoka Tanzania nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilizaliwa kule, kwenye kambi ya wakimbizi. Kambini chakula kilikuja na lori, ndani ya magunia, nasi tukapanga mstari na ndoo zetu. Nilijua unga, nilijua mbaazi, nilijua mafuta ya kopo. Jinsi chakula kinavyolala shambani, kinavyovunwa, kinavyowekwa kingoje mvua nyingine, hayo sikuwahi kuyaona. Sikwambii hivyo ili nijitetee. Nataka uelewe tu kwamba mtu anaweza kuwa na macho mazima na bado asione.

Shamba la Bibi, mama yake baba, lilikuwa limelimwa miaka yote hiyo na jirani yetu Mzee Bonifasi. Wewe utakua wakati mwingine, labda hutajua uzito wa jambo hilo. Watu wengi waliorudi walikuta mashamba yao yana wenyewe wapya, wakapelekana kwa wakubwa wa kilima, ndivyo tunavyoita kijiji, na wako ambao mpaka leo wakikutana njiani mmoja anahama upande. Mzee Bonifasi hakungoja kuitwa. Asubuhi ya tatu baada ya sisi kufika alikuja na jembe begani, akatembea na Bibi mpaka kwenye mpaka wa shamba, akachoma jembe ardhini na kusema, "Ni hapa."

Halafu akampa kikapu cha mtama. Ulikuwa mtama wa Bibi mwenyewe, ule mwekundu wa shina fupi, aliouacha shambani siku ya kukimbia. Mzee Bonifasi alikuwa ameuvuna na kuupanda tena, kila mwaka, bila kuuchanganya na wa kwake. Bibi aliingiza mkono ndani ya kikapu, akaugeuzageuza kama anatafuta kitu, kisha akakaa chini palepale kwenye majani yenye umande.

Tukaupanda. Mwaka uliofuata tukavuna, mavuno yetu ya kwanza tangu turudi. Hayakuwa mengi, na kwa kuwa wageni wa Joselina walikuwa wanakuja, karibu yote yaliingia kwenye impeke, ile pombe ya mtama ambayo sherehe kama hiyo haiwezi kuikosa. Bibi alibakiza masuke ishirini tu, yale makubwa. Aliyafunga kwa kamba, akayatundika jikoni juu ya mafiga, moshi uyapitie na kufukuza fukusi. Hakumweleza mtu. Kwa nini aeleze? Kila mtoto wa kilimani anajua masuke ya juu ya moto ni ya nini.

Mimi sikujua.

Nilikuwa nimetoka Gitega kwa likizo, na kichwa changu kilikuwa kimejaa mataji. Masera mmoja, mtawa wa shuleni, alitufundisha kuyatengeneza, yale mataji ya duara ya kutundika ukutani au mlangoni. Unachukua majani makavu ya mgomba, unayalowesha mpaka yalegee, unayasokota kama unavyosokota ingata ya kubebea mtungi kichwani, unafunga kwa uzi wa mkonge. Hapo una duara. Juu yake unapanga mafunjo, nyasi za mbugani, maua yaliyokaushwa, chochote kilicho kikavu na kizuri. Mikono yangu ililielewa somo hilo kuliko hesabu. Mtu asiyeweza kusema mbele ya watu, mwanangu, akipata kitu kinachosema kwa niaba yake, anakishika kwa nguvu zote.

Tena nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimewasikia wasichana kisimani wakisema, "Wakwe watakaa wapi kwa wale wa kambini? Hata kiti hawana." Viti kweli tuliazima. Lakini ukuta ulikuwa wetu.

Nilitengeneza taji moja kubwa, pana kama ungo. Likatoka zuri, ila lilikuwa na rangi moja, kijivu kitupu. Nikaingia jikoni kutafuta kaa la moto, nikainua macho, nikayaona masuke. Meusi kwa moshi, yamening'inia tu. Nilisugua moja kwa kidole na wekundu ukatokea chini ya masizi. Ee Mungu wangu, ule wekundu! Niliyashusha yote ishirini. Nikayaosha kwa sabuni, nikayaanika nyuma ya nyumba siku mbili. Wakubwa wote walikuwa uani kwenye masufuria ya impeke, hakuna aliyekuwa anaangalia juu ya mafiga. Halafu nikaenda kwa Mama Faida, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge sokoni na kupanga nyumba jirani na sisi. Alikuwa amepaka milango yake vanishi, akanipa kilichobaki kwenye kopo. Nikayapaka masuke mara tatu. Yaling'aa kama yametoka mvuani.

Siku ya wageni, taji likawa la kwanza kusifiwa. Baba yake bwana harusi aliuliza limenunuliwa wapi, Bujumbura? Joselina akanisukuma mbele, "Ni huyu, mdogo wangu." Nilitamani kuzama, lakini ndani nilikuwa nimesimama wima kama mlingoti.

Mzee Bonifasi alikaa upande wetu, kama mtu wa nyumba. Impeke ilipozunguka akaionja, akatikisa kichwa kwa raha, akamwambia Bibi, "Mama, mtama wako haukusahau kwao. Ule wa mbegu uliuweka wapi? Lete niangalie kama fukusi hawajaingia."

Bibi alijinyoosha. Sijawahi kumwona mtu mwenye fahari vile kwa kamba ya masuke. "Mjukuu wangu, nenda jikoni uishushe, umletee babu yako."

Nilikwenda. Nilisimama chini ya ile kamba tupu na hapo ndipo nilipoelewa, yote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa usoni. Ningerudi nikasema kweli. Njia ilikuwa fupi, hatua kumi tu. Lakini sebuleni mlikuwa na watu thelathini, na ulimi wangu unaujua. Nikarudi, nikasema neno jepesi kuliko yote niliyoyapata njiani:

"Panya wamekula."

Bibi akasema, "Yote?" Nikasema, "Yote."

Mama Faida alikuwa ameketi karibu na ukuta. Akageuka, akasogeza uso kwenye taji, akanusa.

"Mais!" akashangaa kwa Kifaransa chake. "Hii si mutama? Na hii si ile verni yangu?" Akapiga makofi. "Eh, jamani, panya ya Burundi iko na akili! Mbele ya kukula inapakaka kwanza verni!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakamwaga pombe. Mama Faida wala hakuwa na nia mbaya, alidhani ni utani wa nyumbani. Mzee Bonifasi hakucheka. Alinyanyuka polepole, akafika kwenye ukuta, akakwaruza punje moja kwa ukucha, akaitazama kwenye kiganja. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Imekuwa nzuri," akarudi kukaa. Mwanangu, angenipiga ningeshukuru.

Bibi hakunigombeza siku ile. Mgeni hapewi ugomvi pamoja na chakula. Alfajiri ya pili yake, alinikuta nafagia, akaninyang'anya ufagio.

"Mtama umeuharibu kwa kutojua," alisema. "Kutojua nakusamehe, ni sisi tuliokuzaa mahali pasipo na shamba. Lakini huyo panya ulimtoa wapi?"

Niliinama nikaanza kuokota takataka kwa mkono.

"Nakuuliza. Huyo panya ni wa nani?"

"Ni wangu, Bibi."

"Ni wako. Umemzaa mwenyewe, tena mbele ya wakwe. Mtu ametunza mbegu yetu miaka yote, hatumwoni, hatumlipi, hajui kama tu wazima. Wewe unamwambia kwetu haikumaliza hata miezi miwili, tumeiachia panya. Leo anajiuliza kama alirudisha shamba kwa watu." Akaliangua taji ukutani, akanipa. "Mdomo uliosema panya ndio utakaokwenda. Mimi sikusindikizi. Na ukirudi bila mbegu, msimu huu tutalima ardhi tupu, basi."

Nilimkuta Mzee Bonifasi anatengeneza ua wake. Nilisimama na lile taji mbele ya tumbo kama sahani. Akaendelea kufunga miti. Nikaanza kwa Kirundi, na Kirundi changu wakati ule kilikuwa kinachechemea. Nikakwama kwenye neno la pili. Akaniangalia, akabadilisha, akaniongelesha kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho kilikuwa kibovu kuliko Kirundi changu. Nadhani alifanya makusudi, ili tuchechemee wote wawili.

"Sema tu, mwana. Mi nasikia."

"Babu, si panya. Ni mimi. Sikujua kama ni mbegu. Halafu nilipojua, nikaogopa watu, nikakudanganya."

Akafunga fundo lake, akalikaza, akalijaribu kwa kuvuta.

"Nilijua tangu jana," alisema. "Nilikuwa nangoja kuona kama utakuja weye, ama utatuma mukubwa."

"Nimekuja mimi."

"Nakuona."

Akanikalisha kwenye kigogo. Akachukua taji akaligeuza nyuma, akakagua nilivyosokota, akauliza uzi huu nimefungaje, na hapa pa kuunganisha nimefichaje. Nikamwonyesha. Ajabu ni kwamba nikawa naongea. Alipotosheka akaingia ndani, akatoka na suke moja la mtama uleule mwekundu.

"Mtu hatoi mbegu yote," alisema, "hata kwa mwenyewe. Nilibakiza."

Alilipukuchua mbele yangu, punje zikaanguka kwenye ungo, tap tap tap, mpaka likabaki lile shada la vishikio vyembamba, jekundu, limechanua kama ufagio wa bibi harusi. Akaniwekea mkononi.

"Hii huwa natupia mbuzi. Sasa niambie, kwa taji lako, hii na ile yenye punje, gani nzuri?"

Nikaliinua juani. Lilikuwa jepesi, kila kishikio kinaonekana peke yake. "Hii, babu."

"Basi. Toa kwanza chakula, toa mbegu, kisha upambe. Hakuna anayelia." Akaleta mengine, tukapukuchua pamoja mpaka jua likatuzidi. Mbegu akazifunga kwenye kitambaa. "Umwambie nyokuru, bibi yako, nimekupa weye, si yeye. Utapanda weye, utapalilia weye. Na mimi unitengenezee taji ya mlango yangu." Nikawa nimeshafika njiani, akaniita. "Weka na panya mmoja juu!"

Niliweka. Nilimsokota kwa jani la mgomba, na mkia wa mkonge. Bado yuko mlangoni kwake, na kila mgeni anaulizia kisa chake, na Mzee Bonifasi anasema, "Muulizeni mwenyewe." Kwa hiyo imenibidi nikisimulie mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Mbegu nilizipanda mvua zilipokubali, kwa mikono hii, mstari kwa mstari, Bibi amekaa mwisho wa shamba ananikosoa. Zilitoka. Siku hizi ninatengeneza mataji hapa Gitega kwa nyumba za maharusi, na hata nyumba ya mapadri inayo mawili. Natumia masuke yaliyokwisha kupukuchuliwa tu. Mtu akinipa yenye punje namrudishia, na nasema hapana kwa sauti inayosikika.

Sasa sikiliza, mwanangu, neno lenyewe ni hili. Ukiingia nyumba yoyote, hata ya kwenu, kabla ya kuchukua kilichotundikwa uliza kimetundikwa kwa nini. Uzuri wa nyumba utengeneze kwa kile ambacho kazi imekiacha, usiutoe kwenye kile ambacho kesho inakitegemea. Na ukikosea, maana utakosea, wewe ni wangu, wahi kusema kabla hujatafuta wa kusingizia. Aibu ya kusema kweli inaisha asubuhi ileile. Ile nyingine mimi nililala nayo usiku mmoja tu, na usiku huo ulikuwa mrefu kuliko mwaka. Wala usingoje uache kuogopa ndipo uende. Nenda na woga wako, ukifika utakuta mtu wa kukusaidia kuusema.

Mungu akupe jirani mwenye moyo mpana, na wewe akufanye jirani wa namna hiyo. Akupe mikono isiyochoka na mlango unaofunguliwa kwa furaha. Utakachopanda kiote, na watakaokula wakutaje kwa wema. Amina.