Siku Biji Alipokuwa Gari

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka 2007, mwanangu, nilipoketi ndani ya gari lenye nguvu kuliko akili zangu zote za wakati ule, nikapewa kazi ya kusema, nikaifanya vibaya kwa sababu nilijua maneno mengi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi. Mtaani kwetu Kaptembwo watu waliniita Prof, nami badala ya kusikia mzaha nilisikia unabii.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la aina ile ambayo mbele wamejaza injini, nyuma wamejaza tairi, halafu katikati wakakumbuka kuacha nafasi ya watu. Wenyewe huyaita magari ya misuli. Mwenye gari alikuwa Bwana Kuldip, Msikh wa Milimani aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, na baba yake Simran, msichana niliyesoma naye chuoni. Ndugu yake Bwana Kuldip alilileta kwa meli kutoka ng'ambo, kisha akahamia huko moja kwa moja na kuliacha. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, kwa hivyo sheria za barabara zetu hazikulitaka. Likakaa gerejini miaka mingi, limefunikwa shuka la maua kama mgonjwa anayesubiri kutembelewa.

Simran alitaka kulitoa akalishindanishe. Baada ya mavuno, wakulima wa Mau Narok walikuwa na mashindano yao ya magari kwenye njia za shamba la ngano la rafiki wa familia, mahali ambapo hakuna askari wa trafiki wa kuuliza usukani uko wapi. Baba yake hakutaka kusikia. Hoteli moja ilikuwa imemwomba gari hilo iliweke langoni, wageni wapige picha nalo. Wakabishana mezani wiki nyingi, hadi Bwana Kuldip akatoa sharti: Simran aliendeshe gari kwenye njia ile ya Mau Narok, mizunguko mitatu mfululizo, bila kuangusha wala kugusa pipa lolote kati ya yale yanayowekwa kwenye kona. Akifaulu, gari ni lake. Akigusa hata moja, Jumatatu linakwenda hotelini, na mambo ya mashindano yasitajwe tena nyumbani.

Kanuni za mashindano zilidai dereva awe na mwelekezi, yaani mtu wa kukaa kando yake na kumsomea kona zinazokuja. Binamu zake Simran wote walikuwa na harusi wikendi hiyo. Akanipigia simu.

"Prof, wewe si unajua kusoma?"

Nikamjibu kwamba kusoma ndiyo kazi yangu, na sikudanganya, maana sikuwa na nyingine.

Tulipanda Mau Narok asubuhi, gari likiwa mgongoni mwa lori la ngano lenye mabango ya wagombea watatu tofauti, kwa kuwa mwenye lori hakutaka kumkosea mtu mwaka wa uchaguzi. Kule juu hewa ni baridi na nyepesi, na injini kubwa namna ile hula hewa nyingi. Ilipowashwa ilikohoa kama mzee aliyepandishwa ngazi mbio. Simran akafungua boneti, akabadilisha kitu fulani ndani ya kabureta, akakaza kingine, akawasha tena.

Mwanangu, sauti ile haikuingia kwa masikio. Iliingia kwa nyayo, ikapanda magotini, ikafika kifuani na kukaa hapo kama mwenye nyumba. Ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya bonde waliacha kula. Vibarua waliokuwa wakichimba viazi waliacha majembe yao wakaja kujipanga kando ya njia, na mmoja akasema kwa heshima kubwa kwamba hiyo si gari, hiyo ni posho mill ya kusaga mahindi.

Njia yenyewe ilikuwa ngumu. Vumbi lake lilikuwa jepesi kama unga. Ilipanda kati ya mabua ya ngano iliyovunwa, ikafika juu ya kilima ambapo mbele huoni kitu ila mbingu, halafu ikaanguka ghafla kushoto, ikavuka daraja jembamba la mfereji na kulizunguka tangi la maji kwa kona iliyokunjika kama kiwiko. Gari lile lilikuwa zito mbele, limetengenezewa lami iliyonyooka, na halikuwa na hamu ya kukunja kona za watu wa Mau Narok.

Bwana Kuldip aliruhusu mzunguko mmoja wa mazoezi. Mimi nilikuwa nimeshazipitia kona zote kwa pikapu siku iliyotangulia na kuziandika. Nilikuwa nimeziandika vizuri mno. Tulipoikaribia kona ya kwanza ngumu nilikohoa kidogo, nikasoma: "Mbele yetu kuna kona ya kulia ambayo, ijapokuwa kwa mtazamo wa kwanza inaonekana pole..."

Nilipofika "ijapokuwa," tulikuwa tumeshaingia kwenye kona. Nilipofika "pole," tulikuwa katikati ya viazi.

Injini ikazima. Vumbi likaanza kutushukia taratibu. Simran aliuachia usukani, akanigeukia.

"Prof, unanielekeza ama unahubiri?"

Baba yake alikuja bila haraka, mikono mgongoni. Aliinama mbele ya gari, akachomoa kiazi kilichokwama kwenye wavu wa radieta, akakipangusa kwa shati lake na kunikabidhi. Alisema nikapike, maana hiyo kazi labda naiweza. Kisha akatoa simu mfukoni akaanza kuitafuta namba ya hoteli. Nilimwona Simran akikaza taya. Alikuwa mtu wa kucheka, lakini hapo hakucheka.

Ndipo Biji akashuka kwenye pikapu. Biji ndivyo walivyomwita nyanya yao nyumbani, mama yake Bwana Kuldip, mwanamke mdogo wa umbo aliyevaa viatu vya raba na shali ya sufu. Tangu asubuhi alikuwa amekaa mle ndani akinywa chai, nami nilidhani amekuja kuota jua. Alimwambia mwanawe maneno mawili ya Kipunjabi, na simu ikarudi mfukoni. Halafu akaniita kwa kidole.

"Kijana, kuja na karatasi yako. Mimi ni gari. Wewe sema."

Sikuelewa, lakini yeye alikuwa ameshaanza kutembea. Alikwenda katikati ya njia kwa mwendo wa haraka, kidevu mbele, akiangalia moja kwa moja. Nikamfuata mbiombio nikifunua karatasi. Kona ilipokaribia nikaanza kumweleza kwa adabu kwamba Biji, hapo mbele kuna kona ya kulia, na Biji hakupinda. Aliingia viazini. Viatu vya raba vikazama kwenye udongo uliolimwa, naye akaendelea tu, akikanyaga majani, hana habari na mtu. Nilimsihi apinde. Akaendelea. Vibarua walishikana mabega kwa kicheko, na mmoja akapaza sauti: "Prof, okoa mathe!"

Biji alisimama alipotaka mwenyewe, katikati ya matuta, akanigeukia.

"Kona haingoji sentensi yako iishe," akasema. "Umewahi kubeba sufuria moto jikoni, watu wakiwa wamejaa? Unasema nini? Unasema, 'Pisha.' Hakuna mtu ameshika sufuria moto anaanza kueleza imetoka wapi."

Tukaanza upya. Kona ya pili nilisema mapema mno, akapinda kabla ya njia na kuelekea kwenye ua wa seng'enge, na ikabidi nimkimbilie mbele kumzuia. Ya tatu nikasema, "Kulia, kali," naye akakunja kama amefungwa kwenye reli. Nilifurahi hata nikataka kuongeza neno. Tulipofika juu ya kilima, pale ambapo mbele ni mbingu tupu, nikafungua kinywa nizungumzie hali hiyo. Akainua kidole.

"Hapa hakuna kona. Nyamaza. Mwache dereva akae na gari yake."

Na tulipolimaliza tangi la maji aliniuliza kuhusu mguu wangu. Unajua, katika gari lile abiria hukaa upande wa kulia, mahali ambapo sisi tumezoea kumwona dereva, kwa hivyo mwili wangu ulikuwa na hakika kwamba ni mimi ninayeendesha. Kwenye mazoezi nilikuwa nimekanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote.

"Kwani uko na breki?"

"Hapana, Biji."

"Basi weka mguu vizuri. Dereva anaona hiyo mguu yako kabla hajasikia mdomo."

Simran ndiye aliyeniambia, tulipokuwa tukifunga mikanda, kwamba Biji alikuwa mwelekezi wa mume wake ujanani, kwenye mashindano ya masafa marefu, na kwamba babu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa kawaida tu aliyeonekana hodari kwa sababu ya mtu aliyekaa kando yake. Hakuna aliyeona haja ya kuniambia mapema.

Tukaanza. Nitakuambia ukweli: sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na nimeoa na kupata watoto, mama yako asisome hapa. Gari liliuma ardhi likaruka. "Kulia, kali." Likapinda huku mkia ukitupwa nje, vumbi likasimama nyuma yetu kama ukuta. "Kushoto, kali. Daraja." Nilikuwa natoa neno moja, mawili, na kila neno nililiona likigeuka mkono wa Simran, na mkono ukigeuka gari zima. Miaka minne chuoni hakuna neno langu lililowahi kusogeza hata kiti. Mzunguko wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, mapipa yote yamesimama, na Simran alikuwa akiimba Kipunjabi chini ya kofia yake ngumu.

Mzunguko wa tatu, ukungu ukashuka kutoka msituni, kama unavyopenda kufanya kule Mau bila kubisha hodi. Tulipoupanda kilima, njia ilitoweka, mbingu ikatoweka, na mbele yetu pakawa na maziwa matupu. Kule ng'ambo njia inaanguka kushoto, na pipa liko hapohapo ukingoni. Simran hakuondoa mguu. Alisema neno moja tu.

"Prof?"

Niliyaona maneno yangu yote yakija mbio, yamejipanga, yakiomba nafasi. Lakini njia ile nilikuwa nimeipitia kwa miguu nyuma ya Biji, na miguu ilikuwa inakumbuka jinsi ardhi inavyolala kidogo kabla ya kuanguka. Nikasubiri mlalo ule uje chini ya kiti.

"Kushoto, kali," nikasema. "Bado. Bado. Sasa."

Akakunja. Hakuwa ameona kitu. Alikunja kwa sababu nilisema. Gari lilitelezea upande, na nyuma tukasikia kitu kikilia ta-ta-ta, mlio wa bati. Tukashuka, tukavuka daraja, tukalizunguka tangi, tukamaliza. Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu alikuwa ameusikia mlio ule.

Bwana Kuldip akapanda kilima peke yake, akamezwa na ukungu. Simran alivua kofia akaishika mapajani kwa mikono miwili. Nilitaka kumfariji, nikagundua kwamba hapo pia hapakuwa na kona, nikanyamaza. Baba yake alikaa kule juu kwa muda ambao ulinitosha kuuza gari lile kichwani mara kadhaa. Aliporudi, suruali yake ilikuwa na vumbi magotini.

Akasema pipa limesimama. Lililolia ni kokoto zilizorushwa na tairi. Alama ya tairi alikuwa ameipima kwa kiganja, na kati yake na pipa hapakuingia hata kiganja kizima. Akamtazama binti yake kana kwamba ndiye aliyeletwa kwa meli.

"Funguo kaa nazo," akasema. "Na sasa nizungushe."

Akanitoa kwenye kiti changu, akafunga mkanda, na tukamsikia akipiga mayowe mzunguko mzima kwa lugha tatu. Biji alicheka hadi akajifuta machozi kwa shali. Tulikula viazi vya kuchoma pale shambani, watu wa Milimani na watu wa jembe, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake ya jinsi angeikunja kona ile.

Mwaka ule uliisha vibaya mjini kwetu kwa ghasia za uchaguzi, kama ulivyosimuliwa, na mashindano hayakufanyika hadi mavuno ya mwaka uliofuata, watu walipoanza tena kutembeleana. Simran alishiriki, akawa wa pili kutoka mwisho, maana gari lilikunywa petroli kwa uchu hata ikabidi tusimame kuliongezea. Nilikuwa kando yake, na sioni kwamba tulishindwa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Wakati mwingi wa maisha utakaa kwenye kiti kisicho na usukani. Utakaa kando ya rafiki, ya mke au mume, ya mtoto, na mimi nikizeeka utakaa kando yangu. Ukiona kona, isome mapema, kwa maneno machache, na hekima zako ziweke kando. Jumbe zako za sauti kwenye simu zinanionyesha kwamba hili umerithi kwangu. Ukishasema, mwamini anayeendesha. Pasipo na kona, nyamaza. Usikanyage breki ambayo hukupewa, kwa maana woga wako huonekana hata ukitabasamu. Na kabla hujamwelekeza mtu njia, ipite kwanza kwa miguu yako, tena ikiwezekana nyuma ya mtu aliyekutangulia.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya wakati, na ulimi unaojua kutosheka. Akupe mtu atakayekunja kwa neno lako hata pasipoonekana kitu, na akulinde usimwangushe. Na siku utakaposhika usukani wewe, akukalishie kando mtu anayekupenda. Nenda vizuri, ufike.