Mtipitipi wa Bibi Kule Buffalo

Mwaka jana, kabla theluji haijaanza, niliingia duka moja la Waafrika hapa South End, Louisville, kununua unga wa muhogo na dagaa, na nusura nipige mtu. Nakuambia wewe kwa kuwa tunajuana. Wengine niliwaambia nilipandwa na presha. Pale kaunta, pembeni ya kadi za simu, zilining'inia bangili za mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Nzuri, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mtoto aliyebebwa na mama yake alikuwa ameshanyoosha mkono.

Nilizinyakua zote msumarini.

"Dada, unachukua zote?" akauliza mwenye duka.

"Hizi ni sumu, kaka. Mtoto akizitafuna ni msiba. Nani kakuletea?"

"Mama mmoja wa kanisani kwetu. Zamani walikuwa Buffalo, marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya." Akazitazama, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga mafundo mawili. "Mimi sikujua, dada. Naapa."

Yeye nilimwamini. Niliyekuwa namtafuta ni huyo mama. Miaka kumi na sita nilimtafuta, hata siku nilizojiambia nimemsahau.

Ngoja nikupeleke Buffalo, Lower West Side, tulikoshukia tulipotoka kambini Kigoma. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, mimi, mama na Bibi, na mimi na Bibi tulilala chumba kimoja. Hita ya chuma ilizomea kutwa kama nyoka aliyekanyagwa. Mama alifanya kazi nyumba ya wazee, akirudi miguu imevimba. Jikoni kulinuka sombe, yaani kisamvu, na mawese, na ngazini kulinuka buti zilizolowa. Nilipewa koleo la kuondolea theluji lililonizidi urefu, na kila asubuhi Bibi alinisimamia dirishani akinionyesha kwa kidole pale nilipobakiza.

Kambini, Bibi alikuwa mpiga kayamba wa kwaya, na kayamba lake lilisafiri nasi likiwa limefungwa ndani ya blanketi. Majira ya baridi yale ya kwanza kila mtu alikohoa. Siku moja Bibi alilichukua kayamba, akalitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza redio mbovu, kisha akachukua kisu cha jikoni na kulipasua pembeni. Zikamwagika mbegu nyekundu, kila moja na doa lake jeusi. Akahesabu saba, nyingine akazirudisha, akaziba kwa tepu.

"Litalia kidogo," alisema, "lakini litatibu."

Kwa asiyejua, hayo ndiyo macho ya tipitipi, kwa kuwa yanafanana na macho ya yule ndege. Bibi alizisugua mbegu zile kwenye ngazi ya saruji, akaziloweka, akazipanda kwenye ndoo iliyokuwa ya achari, tuliyopewa na jirani aliyeosha vyombo mgahawani. Mbili tu ziliota. Akafunga nyuzi za sufu kutoka ndoo mpaka fimbo ya pazia, na mtipitipi ukazipanda kama mtu anayejua anakokwenda. Mwaka wa pili ulikuwa umefunika dirisha zima. Majani yake madogo yalipangana mawili mawili kama ya mkwaju, na jua likizama yalijikunja. Nje theluji inaanguka, ndani kwetu chumba kina kivuli cha kijani. Sijapata kuona tena kitu kama kile.

Kazi yangu ilikuwa kuchuma majani, kuyaosha mara mbili na kuyaanika juu ya gazeti karibu na hita. Ukilitafuna jani, kwanza unapata ladha ya nyasi, halafu utamu unakujia nyuma ya ulimi, taratibu, kama sukari guru. Bibi aliyachemsha na tangawizi. Wanakwaya walikuja kila Jumamosi, sauti zimekauka kwa vumbi la viwandani, wakanywa, na mazoezi yakafanyika palepale sebuleni kwetu. Jirani wa chini hakugonga dari kulalamika. Alipanda kuimba nasi, mtoto wake wa miezi kumi mgongoni.

Lakini Bibi alikuwa na neno lake, na alilirudia mpaka tukalisema usingizini: "Majani hutibu, macho huzika." Mwaka wa tatu, mwishoni mwa kiangazi, mtipitipi ukiwa tumeuhamishia baraza ya nyuma upate jua, ulizaa. Maganda yalipoanza kukauka aliyakata mwenyewe, moja moja, akayafungia kwenye kopo juu ya kabati. Mimi sikuruhusiwa hata kumshikia kopo.

Sasa nikuambie juu ya mke wa mwalimu wa kwaya. Sote tulimwita Mama Mwalimu. Yeye na mumewe ndio waliotupokea uwanja wa ndege wakiwa wametubebea makoti. Alimfundisha mama basi la kupanda, alitusomea barua, alinisuka nywele. Nilimpenda. Lisemwe, maana chuki yangu ilianzia kwenye mapenzi.

Mchana mmoja Bibi alikuwa darasani kujifunza Kiingereza, nami nimekaa ngazi za nyuma. Mama Mwalimu alikuja na mkasi. Alikata maganda yaliyokuwa yamejificha upande wa ukutani, kama sita hivi, akayatia mkobani.

"Bibi yako anajua," aliniambia, akanipa pipi.

Baada ya wiki mbili alikuwa na bangili mpya mkononi, nyekundu, mbegu zimetobolewa kwa sindano. Kanisani aliificha chini ya mkono wa gauni. Jumamosi ile, kwenye mazoezi, Bibi alikuwa jikoni. Mtoto wa jirani wa chini alikuwa anakohoa, na asubuhi Bibi alikuwa amempa maji ya majani, vijiko viwili. Mama Mwalimu alimpakata. Mtoto, kama watoto wote, alivuta kilichong'aa akakitia mdomoni. Nilimwona akitafuna. Nilimwona Mama Mwalimu akiitoa bangili mdomoni mwa mtoto, akaigeuza, akaitazama kwa muda, akaivua na kuiingiza mkobani. Kisha akaendelea kuimba.

Siku iliyofuata mtoto alikuwa hospitali. Alikaa siku nyingi na mipira puani. Madaktari waliuliza amekula nini, na mama yake akasema: majani ya yule bibi wa juu.

Mwalimu wa kwaya alipanda ngazi zetu na wanaume wawili. Aliung'oa mtipitipi pamoja na nyuzi zake, akausokota kama kamba, akautupa pipa la taka barabarani. Mama Mwalimu alisimama mlangoni. "Nilisemaka siku zote," alisema, "ile majani haiko muzuri." Mkono wake ulikuwa mtupu.

Nilimkimbilia mama jikoni, nikamwambia yote: mkasi, pipi, bangili. Mama alinifunika mdomo kwa kiganja kinachonuka vitunguu.

"Nyamaza. Hawa ndio waliotupokea. Mambo ya watu wazima yaache."

Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini mama yake hakutusalimu tena. Bibi hakujitetea hata kwa neno moja. Nilidhani ni heshima yake; nilidhani anajijua hana hatia na anamwachia Mungu. Kabla ya theluji kuanguka tukahamia Columbus kwa mjomba, kayamba tukaliacha.

Columbus Bibi hakupanda kitu, hata kitunguu. Tukikohoa, alikalia mikono yake, kweli, aliiweka chini ya mapaja, akasema, "Mwambie mama yako akupeleke kwa daktari." Mimi niliiona kuwa ni hasira, nikaifanya yangu. Wenzangu walilala wakiwaza shule na wavulana. Mimi nilimwaza Mama Mwalimu. Sitakudanganya: nikiwa na miaka kumi na mitano niliwahi kuwaza kikombe chake cha chai na kitu cha kukitia ndani. Nilimwona akishika tumbo. Nililala vizuri siku hiyo.

Basi Jumamosi baada ya lile duka, mwenye duka akiwa amenielekeza anakoishi, nilimgongea Mama Mwalimu mlango. Alifungua akiwa na kitenge kiunoni, amezeeka, meno mawili hayapo. Alinitambua kabla sijasema.

"Mjukuu wa Bibi," alisema. "Bon, ingia. Umekuwa mukubwa."

"Siingii. Nilikuona siku ile. Mkasi niliuona, na bangili niliiona ikiwa mdomoni mwa mtoto."

Alishika fremu ya mlango. "Ile mambo ni ya zamani, mama."

"Na zile za dukani ni za zamani?"

Alikikaza kitenge chake kiunoni.

"Kesho nitasimama kanisani kwenu niseme, mbele ya watu wote. Au leo unavaa viatu, unaingia kwenye gari langu, tunaenda Columbus, unamwambia Bibi kwa mdomo wako. Chagua."

Alivaa viatu.

Safari ni saa tatu na nusu, na mvua ilinyesha njia nzima. Sikumpa maji. Sikuwasha redio. Tulipopita Cincinnati alianza kulia. "Nilikuwa na woga," alisema. "Wangesema nimemupa mutoto sumu, donc wangeninyang'anya watoto yangu. Hapa wananyang'anyaka watoto."

"Bibi naye alikuwa na watoto."

Nakiri nilifurahi. Kila alipopenga kamasi nilifurahi. Watu wazuri husema kisasi hakishibishi. Mimi kilinishibisha kila maili ya barabara ile.

Mjomba alitufungulia. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Mama Mwalimu alipiga magoti juu ya zulia, akasema yote: alikata, alitoboa, mtoto alitafuna, alificha, alinyamaza. Bibi masikio yake si mazuri. Aliinamisha kichwa.

"Sema tena," alisema, "polepole."

Akasema tena.

"Tena."

Mara ya tatu Bibi alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Kumbe si mimi," alisema. "Mimi nilijua ni mimi. Nilijua jicho moja lilianguka kwenye sufuria, na macho yangu hayakuliona. Kila nikiosha mchele nililiona."

Kwa hiyo si hasira iliyomfanya aikalie mikono. Alikuwa akiiogopa mikono yake mwenyewe.

Mama Mwalimu aliomba msamaha. Bibi alimuuliza tu kama bado ana namba za watu wa kwaya ile. Anazo; wote wako kwenye kundi moja la simu, waliobaki Buffalo na waliotawanyika. "Basi waambie," alisema Bibi. "Kwa sauti yako, wakusikie." Mama Mwalimu alirekodi palepale akiwa amepiga magoti, na Bibi akamshika bega mpaka alipomaliza, si kwa huruma, bali kama unavyomshika mbuzi asikimbie. Mama wa yule mtoto alijibu kabla hatujanywa chai. Alikuwa analia, akimwita Bibi mama.

Nilimpeleka Mama Mwalimu mpaka kituo cha basi, nikamwacha pale ajirudie Louisville mwenyewe. Niliporudi, Bibi alikuwa bado dirishani.

"Na wewe ulijua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu siku ile, Bibi. Nilimwona. Mama alininyamazisha."

"Mama yako alikunyamazisha siku moja," alisema. Alinyoosha blanketi lake.

Bibi alifariki kabla ya miti kuchipua. Mwezi uliopita nilipita Buffalo, nikasimamisha gari mbele ya nyumba yetu. Imepakwa rangi ya kijivu, dirisha lile limewekwa pazia la plastiki, baraza ya nyuma imebomolewa. Wengi waliokuwa wakiimba sebuleni wamekufa au wako Columbus na Louisville, na watoto wao hawajui hata wimbo mmoja. Lile jani tamu sijalitafuna tena, wala simjui mtu hapa anayeweza kulitofautisha na gugu.

Mama Mwalimu hunitumia ujumbe kila mwezi, akiniomba nimsamehe kabla hajafa. Nausoma, nazima simu. Anasubiri, na asubiri. Bibi alisubiri miaka kumi na sita bila kujua kwamba anasubiri, nami niliyelala naye chumba kimoja sikumwambia.