Gurudumu Lisilosaga

Kama ulikulia Kulesa enzi zetu, najua uliwahi kusimama mlangoni mwa mashine ya kusaga, unga umekujaa kwenye kope, ukajiuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kulijibu. Injini iko kule, kisagio kiko huku, katikati hakuna kitu ila mkanda unaopigapiga hewa. Sasa nguvu inapitia wapi? Sisi tulidhani inapita ndani ya mkanda, kama maji yanavyopita kwenye mpira wa kumwagilia. Mwenzetu mmoja aliapa kwamba mkanda ukikatika, nguvu itamwagika sakafuni ituunguze miguu. Tulimwamini. Upande ule tulipita kwa ncha za vidole.

Kutumwa mashineni kulikuwa nusu kazi, nusu sikukuu. Bibi alikutwika ndoo ya mahindi akakuonya, "Ukicheza njiani mbuzi akala mahindi yangu, utamla huyo mbuzi na manyoya yake." Ulipita njia ya kando ya mto, udongo mweusi ukivuta ndara zako, harufu ya kambare wa kubanikwa ikikufuata kutoka jikoni kwa watu. Ulipofika uliweka ndoo nyuma ya ndoo za wenzako, ukaiacha ipange foleni kwa niaba yako. Hakuna aliyeruka ndoo ya mtu. Wewe ulienda zako kucheza bladha, ule mchezo wa kuruka mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, wawili wakiushikilia kwa miguu na mwingine akiruka katikati. Mpira ukilegea tulimwita mtoto mdogo kuliko wote, asiyejua kuruka, tukamwambia ausukume kwa kiuno mpaka ukaze. Alisimama pale mchezo mzima, akilia kwamba hachezi. Mkumbuke huyo mtoto, nitamrudia.

Mwenye mashine alikuwa Mzee Buya, mtu mpole aliyekuwa mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi visigino. Kwenye injini yake kulikuwa na gurudumu kubwa, kwenye kisagio gurudumu dogo, na mkanda mmoja mrefu ukizunguka yote mawili. Kisha kulikuwa na gurudumu la tatu, dogo kama kifuniko cha sufuria, lililokaa kwenye mkono wa chuma na kuulalia mkanda kwa nje, upande wa chini. Hilo ndilo lililotuchanganya zaidi. Halikuunganishwa na kitu. Halikusaga hata punje. Na wenzake wakienda huku, lenyewe lilizunguka kinyume, kama mtu aliyekasirika.

Basi ikaja harusi ya Shangazi Hawayu, mdogo wake baba. Kwetu unga wa harusi ulisagwa siku yenyewe ya harusi. Unga wa jana ulikuwa dharau, na Bibi katika mambo hayo hakuwa na mjadala. Upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo kwa mitumbwi, na shangazi zake walijulikana kwa midomo. Wakikuta sufuria zimekaa mdomo wazi, Hawayu angeitwa mtoto wa nyumba ya njaa hadi uzee wake.

Asubuhi ile tukapeleka mahindi. Mzee Buya akawasha injini, lile kopo lililowekwa juu ya bomba la moshi likaanza kupiga mluzi, pu-pu-pu, na tukatulia. Alipomwaga mahindi ya kwanza, mkanda ukalia. Ulilia sauti nyembamba ya kukata masikio, hata mbwa wakainuka. Injini ilikimbia, kisagio kikajivuta, kikasimama.

"Unalia kwa ukavu," akasema mmoja.

"Ni mahindi, hayajakauka," akasema mwingine.

"Ni jicho," akanong'ona wa tatu, akitazama wenye ndoo za nyuma.

Bibi akaja mwenyewe, khanga mbili kiunoni. Alisikiliza kama daktari. "Mlango ukilia unafanywaje?" akatuuliza. "Gurudumu la mkokoteni likilia linafanywaje?" Tayari alikuwa ameshika kibuyu cha samli, ile samli nzuri aliyoletewa na rafiki yake wa Kiorma, mfugaji wa ng'ombe, kwa ajili ya wali wa harusi. Injini ilizimwa. Bibi akaupaka mkanda samli mbele na nyuma, polepole, kama anayempaka mtoto baada ya kuoga.

Injini ikawashwa tena. Mkanda haukulia. Tukapiga makofi. Ila kisagio hakikutikisika hata kidogo! Gurudumu la injini lilizunguka peke yake ndani ya mkanda, na harufu ya samli ya moto ikatanda mpaka kanisani.

Hapo ndipo kila mtu alipochanganyikiwa kweli. Kimya ni kibaya, kelele ni mbaya, sasa tutake nini? Wanawake wakaanza kutoa vinu na michi, wakitwanga kwa haraka, lakini kwa harusi nzima ilikuwa kama kukausha mto kwa kijiko. Mashine nyingine ilikuwa Garsen, na barabara ilikuwa chini ya maji.

Shangazi Hawayu akatokea, nywele nusu zimesukwa nusu hazijasukwa, macho mekundu. Bibi akafoka, "We Hawayu, bibi harusi haonekani mashineni!" Akaenda moja kwa moja kwenye mkanda. Kabla ya uchumba alikuwa bingwa wa bladha ambaye hatujapata mwingine kama yeye. Injini ilipozimwa, aliuinua mkanda kwa kidole, ukaning'inia.

"Lakini umelegea," akasema. "Mama, hii si kazi ya mafuta. Yule mtoto wa kusukuma kwa kiuno yuko wapi?"

Tukamtazama. Wengine walifikiri harusi imempanda kichwani. Lakini Mzee Buya alishika nyusi zake zenye unga. "Nililitoa jana," akasema. "Lile dogo. Halisagi, halivuti, linazunguka kinyume tu. Nikasema linaimalizia injini nguvu zake."

"Na umelitupa wapi, mume wangu?" Bibi akauliza. Kwa miaka aliyompita angeweza kuwa mama yake, lakini ndivyo alivyomtania.

"Nyuma, kwenye majani."

Bibi akageuka kutazama upande wa nyumbani. Gurudumu la kwenye majani alikuwa amelichukua jioni ile ile, akaliweka juu ya kifuniko cha banda la kuku kuzuia kicheche.

Tulikimbia kama tumefukuzwa. Mkanda ukaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ukasuguliwa kwa jivu, ukaanikwa. Gurudumu likarudishwa kwenye mkono wake, likaulalia mkanda. Kuku watatu walikuwa tayari wametoroka, na mitumbwi ilikuwa inaonekana mtoni, wakati kisagio kiliponguruma. Sufuria zilijaa kabla mashangazi hawajanawa mikono. Unga ulinukia samli kidogo. Mmoja wao akaomba afundishwe siri ya ugali huo, na Bibi, bila haya, akakubali kumfundisha siku nyingine.

Ilinichukua miaka kuelewa, kwa hiyo usijione mzito. Mkanda hauna meno. Unashika gurudumu kwa kubana tu, kama kiganja kinavyoshika mpini. Ukilegea unateleza, na kuteleza ndiko kunakolia. Ukiupaka mafuta unauondolea hata ule mshiko mdogo uliobaki. Gurudumu la tatu linauminya upande unaolegea, mkanda unakaza, na unalikumbatia lile dogo la kisagio kwa sehemu kubwa zaidi. Linazunguka kinyume kwa sababu linaguswa na mgongo wa mkanda, wenzake wanaguswa na tumbo. Nguvu haipiti ndani, mkanda wenyewe ndio unaovuta. Ukipata mikebe miwili na ukanda wa tyubu, jaribu. Utacheka mwenyewe.

Juzi mtoto wa kaka yangu, Komora, alinichukua Garsen kwa gari lake la kubeba mizigo. Injini ilikuwa inalia sauti ile ile nyembamba.

"Komora, hiyo ni nini?"

"Ah, Anti, hiyo ni sauti tu. Ilianza mwezi jana. Mimi huongeza volume ya redio."

Nikamwambia asimame. Tukafungua boneti, injini imezimwa, nikamwonyesha gurudumu dogo linaloulalia mkanda na skrubu yake iliyolegea. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kidole gumba kikitembea kwenye simu. Tulikuwa kando ya barabara kuu, watu wakipita na pakiti zao za unga, na hakuna aliyesimama kusema ni ukavu, ni mahindi, ni jicho. Hakuna aliyekuja na kibuyu cha samli. Enzi zile hakuna aliyejua tatizo ni nini, na hakuna aliyeondoka mpaka Hawayu alipopata unga wake. Leo tunajua mengi, na kila mtu anaongeza redio yake. Sijui kama tumepata au tumepoteza. Nikajikuta nimeinama juu ya mkanda ule.

"Anti," Komora akasema, akiweka simu mfukoni hatimaye, "mbona unanusa injini?"